Historia ya ukumbi wa kijiji chetu Usambara: nani alijenga, na jengo ni la nani?

#1 Mwana Usambara (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kamati ya kijiji imenipa kazi ya kuandika historia ya ukumbi wetu. Bati zimechakaa, michango ya ukarabati imeanza kukusanywa, na wachangaji wakasema hawatoi hata senti mpaka ijulikane jengo ni la nani. Kijiji kipo milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Jina naliweka kapuni, mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini.

Jengo lenyewe ni la kawaida. Mstatili mrefu, mlango wa mbao wa milango miwili, madirisha yenye nondo, jukwaa la zege upande wa mashariki, na nyuma ya jukwaa chumba kidogo tunachokiita stoo ingawa hakuna anayekumbuka kiliwahi kuhifadhi nini. Karibu na mlango kuna jiwe la maandishi. Limepakwa chokaa na rangi kila sherehe mpaka herufi zimezibwa kabisa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika humo mvua ikinyesha. Chanjo humo, kura humo, harusi humo, na semina za mbolea humo humo.

Haya ndiyo niliyopata kwa wazee mpaka sasa.

Kiwanja ni cha zamani kuliko jengo. Chini ya Waingereza, hasa baada ya gavana Cameron kuleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, pale palikuwa uwanja wa baraza la jumbe, yaani mkuu wa kijiji chini ya chifu. Watu walilipia kodi pale, kesi za mipaka na mahari zilisikilizwa pale. Kisha ukaja mpango wa kuhifadhi udongo, ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 na baadaye kusambazwa Usambara nzima. Wazee wakifika hapo sauti zinabadilika. Matuta! Kila mwenye shamba mteremkoni alitakiwa kulima matuta, asiyelima anaitwa barazani. Waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka mama zao wakirudi na mikono imechubuka kwa kazi ambayo waliona inafukua udongo mbaya na kuuweka juu ya mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikufa kwa watu kuugomea. Mwaka 1963 serikali ikaondoa machifu, na majumbe wakaenda nao. Uwanja ukabaki mtupu.

Ukuta ulisimama baada ya uhuru, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Hilo hakuna anayelibisha. Mwaka ndio mgogoro: wengine wanasema ni kabla ya Azimio la Arusha, wengine wanasema ni wakati wa vijiji vya ujamaa kwa sababu wanakumbuka bendera ya TANU, chama kilichokuja kuwa CCM, ikipepea mlangoni.

Na hapa ndipo tulipokwama. Kuna upande unasema ukumbi ulijengwa na chama, kwa hiyo ni wa chama. Upande wa pili unasema ulijengwa na wananchi, kwa hiyo ni wa kijiji. Halafu kuna familia moja inayosema nyote mnapoteza muda, kiwanja ni cha babu yetu, alikiazima tu.

Mwenye uelewa wa mambo haya atupie mchango. Majina ya watu na matusi ya vyama tuyaache nje, mods wasije wakaufunga uzi.

#2 Kijiweni

Nimeshatandika jamvi. Ila swali kabla sijakaa vizuri: huo ukumbi una choo? Maana kumbi nyingi za vijiji zina jukwaa, zina bendera, zina jiwe la msingi, ukiulizia choo unaoneshwa mgomba.

#3 Mwana Usambara

Mkuu Kijiweni, choo kipo. Kilichimbwa kabla ya ukumbi wenyewe kuwekwa sakafu, na kuna sababu yake. Nadhani wakubwa wataieleza.

#4 Fundi Kenchi

Mleta uzi, kabla hujaendelea kuwahoji wazee, uhoji ukuta. Ukuta hauna itikadi.

Tafuta sehemu plasta ilipobanduka, hasa chini karibu na msingi kwenye upande unaopigwa na mvua. Angalia tofali zimeungwa kwa nini. Kama ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na saruji imepigwa nje tu, basi hilo jengo ni la watu waliokuwa na tanuru na nguvu lakini mfukoni hamna kitu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na hata baada ya hapo kupandisha mifuko milima ya Lushoto haikuwa kazi ya kitoto. Jengo lenye saruji tangu msingi hadi juu lina mkono wa serikali, misheni au mradi. Jengo la udongo lililopakwa saruji baadaye ni la wanakijiji, na plasta ni ya mtu aliyekuja kulipendezesha.

Kisha tazama juu ya milango na madirisha. Lenta ni ya zege au ni gogo la mbao? Kama ni mbao, chunguza ni mti gani. Huko kwenu zamani watu walipasua mkulo, siku hizi mbao za kawaida ni paina na saiprasi za msitu wa kupandwa wa Shume. Ukikuta kenchi (fremu za paa) za mkulo na papi (mbao nyembamba za kupigilia bati) za paina, paa lilifumuliwa na kupauliwa upya, kwa hiyo usidanganyike kutaja umri wa jengo kwa kuangalia bati.

Hiyo stoo yako ndiyo inanivutia. Nenda kwenye kona ambapo ukuta wa stoo unakutana na ukuta wa ukumbi. Tofali zikiwa zimeumana, yaani moja ya huku inaingia kule, vilijengwa pamoja. Ukikuta mstari wima umenyooka toka chini hadi juu, tena una ufa unaopitisha kisu, stoo iliongezwa. Ukijua iliongezwa lini na kwa kazi gani, umepata nusu ya historia yako.

Na siku ya kushusha bati, simamia mwenyewe. Mafundi wa zamani walikuwa na tabia ya kuandika mwaka kwa penseli ya seremala juu ya boriti, upande ambao mwenye nyumba haoni. Vijana wakishusha mbao wanaenda kuzichoma tofali na historia yako inageuka majivu.

#5 Mama Chemli

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anachapa, mimi nasema.

Naona mnaulizana jiwe liliwekwa na nani na chama gani. Niwaambie ukumbi ulikuwa unafanya nini, maana mimi nimeukalia sakafu kabla haijawa sakafu.

Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu hakukuwa na darasa la ziada, watoto wenyewe walisoma kwa zamu. Tukapewa ukumbi. Ubao mweusi uliegemezwa kwenye kiti, wanawake tukitoka shamba tunaingia na watoto mgongoni, jembe tunaliacha mlangoni. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimnong'oneza mkewe majibu, naye hajui kusoma! Alikuwa anakisia kwa kuangalia midomo ya mwalimu.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Hiyo ndiyo iliyoujaza ukumbi kweli. Nchi nzima waliingia vikundi watu karibu milioni 2, kwa wiki 12. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sauti yangu ilikuwa inasikika. Redio iliwekwa juu ya meza, taa ya chemli pembeni, na ole wake mtoto atakayekohoa. Kipindi kikiisha nasoma sura ya kitabu kwa sauti, taratibu, kisha tunajadili: kwetu malaria inatoka wapi, maji tunayokunywa yanapita wapi, kuhara kwa watoto kunaletwa na nini. Hatukuruhusiwa kuondoka na maneno matupu. Lazima kikundi kikubaliane cha kufanya, na wiki inayofuata tunaulizana kimefanyika au la.

Choo anachokiuliza huyo kijana mcheshi kilichimbwa hivyo. Tulijadili vyoo tukiwa ndani ya ukumbi usio na choo. Mama mmoja akasimama akasema tuanze na hapa hapa tulipokaa, la sivyo tutakuwa waongo. Kesho yake wanaume wakaanza kuchimba.

Neno langu la mwisho. Mkiandika kwamba ukumbi ulijengwa kwa nguvu za wananchi, andikeni pia maji ya kufinyangia udongo wa tofali yalitoka mtoni chini kabisa, na hayakupanda mlima kwa miguu ya wanaume. Nimesoma historia za vijiji zinataja aliyekata utepe, hazitaji ndoo.

#6 Kijiweni

Shikamoo mama. Nimeitwa kijana mcheshi na nimepokea. Uzi umepata mwenyewe.

#7 Mtendaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya utendaji wa kijiji na baadaye kata, kwa hiyo mgogoro wa aina hii nimeukuta zaidi ya kijiji kimoja. Chanzo chake si ubaya wa watu. Ni sheria zilivyopishana.

Baada ya uhuru kulianzishwa Kamati za Maendeleo za Vijiji. Hizi ndizo zilizosimamia kazi za kujitolea: barabara, madarasa, zahanati, kumbi. Zilikuwa sehemu ya serikali za mitaa, ingawa waliokuwemo wengi walikuwa watu wa TANU, maana nani hakuwa TANU wakati huo? Mwaka 1969 nafasi yake ikachukuliwa na kamati za maendeleo za kata. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Hapo kijiji chenye jengo kilibaki hakina serikali ya mitaa ya kulisajili hata kama kingetaka.

Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima na kazi iwe imekamilika mwisho wa 1976. Mwaka 1975 ikatungwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Kijiji kilitakiwa kiwe na kaya zisizopungua 250, kiandikishwe, kiwe na halmashauri. Na hiki kipengele ndicho kilicholeta balaa lenu: mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji. Mtu mmoja, kiti kimoja, muhuri miwili kwenye droo. Siku akiandika barua kuhusu ukumbi, muhuri anaouchukua ni ule ulio karibu na mkono.

Ongezeni na hili. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vijiji vikachukua kazi ya kununua mazao. Mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakabanwa ili nafasi yao ichukuliwe na ya kijiji. Ghala na duka vinahitaji chumba chenye mlango imara. Mleta uzi, kama stoo yako iliongezwa, mimi naanzia kuitafuta hapo. Mwaka 1982 ushirika ukarudishwa, na baadhi ya majengo yakaanza kudaiwa na chama cha msingi cha ushirika. Kwa hiyo shukuru, mna wadai watatu tu. Nimeona jengo lenye wanne.

Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ndiyo iliyoipa halmashauri ya kijiji nguvu inayotumika mpaka leo: ikishapata hati ya kuandikishwa, ni chombo chenye uwezo wa kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vijiji chini ya vyama vingi ukafanyika 1994. Hapo ndipo kofia mbili zilitakiwa zivuliwe na kila moja iwekwe kwenye msumari wake. Makabidhiano ya mali yalifanyika kwa maandishi kwenye vijiji vyenye katibu makini. Kwingine watu waliendelea kukaa ofisi ile ile, viti vile vile, na hakuna aliyeuliza.

#8 Jino la Pembe

Mzee unazunguka sana. Sema tu ukweli kwamba mali za wananchi zilibebwa. Viwanja vya mpira vimejengwa na michango ya watu wote, leo CCM Kirumba pale Mwanza ni ya nani? Sokoine Mbeya je? Sheikh Amri Abeid Arusha je? Kama viwanja vikubwa vimeenda, kiukumbi cha Lushoto ni nini?

#9 Mtendaji Mstaafu

Jino la Pembe, mjadala wa viwanja naujua na una hoja pande zote: wanaosema mchango ulikatwa kwa kila mtu, na wanaosema wakati huo chama ndicho kilichoitisha, kikasimamia na kikaandikiwa hati. Lakini usiwachanganye hawa wa Usambara. Kiwanja cha mjini kina hati ya ardhi yenye jina. Ukumbi wa kijijini umekaa juu ya ardhi ya kijiji, na hiyo ina sheria yake, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Halmashauri ya kijiji inaisimamia kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu wala taasisi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Anayesema ukumbi ni wake aulizwe swali moja la upole: mkutano mkuu upi ulikukabidhi, na muhtasari uko wapi?

Swali hilo hilo ulizeni ile familia. Tena kwa heshima, kwa sababu madai ya kuazima kiwanja si ya kupuuzwa. Watu walikuwa wanatoa maeneo kwa neno la mdomo, na baba akifa watoto wanabaki na neno lenyewe tu.

#10 Jino la Pembe

Sawa mzee, hapo kwenye muhtasari umenifunga mdomo. Ila kumbuka na mihutasari huandikwa na mwenye kalamu.

#11 Mtendaji Mstaafu

Ndiyo maana mahudhurio yana sahihi na dole gumba. Uongo wa mtu mmoja ni rahisi, kuchovya madole ya watu mia kwenye wino ni kazi.

#12 Jirani wa Kaunti

Niruhusuni nami wa upande wa Kenya nichangie. Hadithi yenu na yetu zinafanana mwanzo, zinaachana katikati.

Kwetu baraza la chifu halikufutwa. Sheria ya machifu ya 1937 ilidumu kwa marekebisho hadi baada ya uhuru, na mpaka leo chifu ni mtumishi wa serikali, anaitisha baraza. Kumbi nyingi za vijijini zilijengwa kwa Harambee, wito alioutoa Mzee Kenyatta mwaka 1963. Mwanasiasa anakuja na bahasha, wazee wanatoa mbuzi wa kupigiwa mnada, akina mama wa vikundi wanaleta mawe, ukumbi unasimama. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na muhuri miwili ya chama na kijiji. Tatizo letu lilikuwa ploti. Eneo lilipopimwa, ploti ya ukumbi iliandikwa kuwa ya matumizi ya umma, basi mtu mwenye kujuana anaibadilisha jina ofisini. Unaamka siku moja ukumbi umezungushiwa ua na kuna mlinzi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu namna ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria, na maeneo ya huduma za jamii yalikuwemo.

Nilichojifunza kwa visa vya huku: jengo linalotumika kila wiki ni gumu kunyakua. La kuibwa ni lile lililofungwa kufuli na funguo ziko kwa mtu mmoja.

#13 Kijiweni

Jirani umesema kweli kuhusu funguo. Kijiji chetu ukumbi una kufuli tatu na watunza funguo watatu. Siku ya harusi mmoja yupo gulioni, mmoja amelala, wa tatu ndiye bwana harusi.

#14 Mpenda Nyaraka

Mleta uzi, wengi wamezungumzia ukuta na sheria. Mimi nakuelekeza kwenye makaratasi, kwa mpangilio wa urahisi.

Anza nyumbani kwa waliokuwa makatibu, wala usianzie ofisini. Ofisi za vijiji zimehama, zimevuja, zimeliwa na mchwa. Katibu wa zamani alikuwa anaogopa kulaumiwa, kwa hiyo alibeba madaftari yake kwenda nayo. Yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, chini ya kanga za mkewe. Waulize wajane. Ukiyapata usiyabebe. Piga picha kila ukurasa pale pale mchana karibu na mlango, pamoja na jalada na kurasa tupu, kisha waachie wenyewe.

Tazama alama za Mwenge wa Uhuru. Mbio za Mwenge zilianza 1964, na miradi mingi ya vijiji imezinduliwa au kuwekewa jiwe na Mwenge. Jiwe likiwa la Mwenge, mwaka utaupata hata kama jina la mzinduzi limefutika. Lakini angalia sana, jiwe la Mwenge linaeleza siku ya sherehe. Jengo linaweza kuwa lilikuwepo miaka mingi kabla.

Kwa habari za jumbe na baraza, kuna vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa kikoloni, vinapatikana Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Lushoto imeandikiwa mengi kwa sababu ya huo mpango wa matuta. Usitarajie kukuta ukumbi wako ukitajwa, utakuta majina ya majumbe, maeneo ya mabaraza na malalamiko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkusanyiko wa Afrika Mashariki maktabani kwao, wenye magazeti ya zamani. Mambo Leo lilianza 1923 na lilikuwa likichapisha barua za wasomaji kutoka kila kona. Uhuru ni la kuanzia 1961. Tafuta siku za uzinduzi, maana waandishi walipenda mikutano yenye viongozi na hawakupenda siku ya kufyatua tofali.

Na usisahau makanisa na misikiti. Mapadri, wachungaji na walimu wa madrasa waliandika daftari za michango kwa nidhamu kuliko serikali. Bethel Mission walikuwa Mlalo tangu 1891, wamezoea kuandika. Kama ukumbi wenu uliwahi kutumika kwa ibada au kwa shule kabla ya kanisa kujengwa, utaukuta huko.

#15 Mwana Usambara

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nianze kwa Fundi Kenchi. Kona ya stoo ina mstari umenyooka kama ulivyosema, kisu kimepita hadi mpini. Tofali za ukumbi zimejengwa kwa udongo, za stoo zimejengwa kwa saruji. Ndani ya stoo, nyuma ya makopo ya rangi, kuna ubao wa bei uliopigiliwa ukutani: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Bei zimefutwa, majina yamebaki. Duka la kijiji, mzee Mtendaji.

Jiwe tumelisugua kwa brashi ya waya na maji, vijana wawili na mimi. Ni la Mwenge. Mwaka unaosomeka ni 1977. Upande wa chama ukashangilia palepale, mmoja akapiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kabla hata hatujamaliza kusugua.

Kisha nikafuata ushauri wa sanduku. Katibu wa zamani alishafariki, mjane wake yupo. Alinikalisha, akanipa chai, akaniuliza maswali kuliko niliyomuuliza yeye, mwisho akaleta daftari. Jalada limeandikwa Kamati ya Maendeleo ya Kijiji, 1965. Ndani kuna safu: jina, siku za kazi, tofali, debe la mahindi, shilingi. Kila kitongoji kina ukurasa. Mbele ya majina kadhaa ameandika "anaumwa", mbele ya mengine "yuko Tanga mkongeni", na mbele ya majina mawili ameandika "amekataa" na kupiga mstari chini. Mjukuu wa mmoja wa hao wawili ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye mgogoro huu. Nimeamua ukurasa huo nitausoma kimya kimya.

Mama Chemli, nimetafuta ndoo. Kwenye daftari la 1965 wanawake hawana majina, wana mstari mmoja chini ya kila ukurasa: "akina mama, maji na mchanga." Naandika ulivyosema, na nimeanza kuzunguka kwa bibi waliobaki kukusanya majina.

Kuhusu kiwanja, daftari lina sentensi moja tu: eneo la baraza la zamani, nyongeza ya upande wa juu imetolewa na (jina la babu wa ile familia). "Imetolewa." Haijasemwa kwa muda wala kwa kudumu, na sahihi yake haipo.

#16 Jino la Pembe

Kwa hiyo 1965 wananchi, 1977 Mwenge. Kesi imekwisha!

#17 Mtendaji Mstaafu

Haijaisha, lakini imepungua. Daftari la 1965 linaonesha mjenzi ni kamati ya maendeleo, miaka 10 kabla ya sheria iliyounganisha viti vya tawi na kijiji. Jiwe la 1977 halimpi mtu umiliki, Mwenge umezindua visima na mabwawa na haukuondoka navyo. Duka lililoongezwa lilikuwa la kijiji. Kwa upande wa chama mna jibu la kutosha, mkilisema bila kejeli watalipokea, maana nao wazazi wao wamo kwenye safu hizo hizo.

Kilichobaki ni familia. Msiwapeleke baraza la ardhi kabla hamjakaa nao. Pimeni ile sehemu ya juu muone nyongeza imefikia wapi, pengine ukumbi wenyewe umekaa wote kwenye uwanja wa baraza na eneo lao ni pale penye choo na mti. Kisha waiteni na mzee wao mmoja anayeheshimika, mwasomee daftari lote, si ile sentensi peke yake. Wakiridhia, jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, liandikwe kwenye muhtasari, wahudhuriaji wasaini, na eneo liingizwe kwenye daftari la ardhi ya jumuiya ya kijiji. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine halmashauri ya wilaya. Michango ya bati iendelee baada ya hapo.

#18 Fundi Kenchi

Na mkifika kwenye bati, msinunue geji 30 kwa sababu ni rahisi, namba ikipanda bati ni jembamba. Upepo wa milimani utazikunja kabla hamjamaliza kulipa. Chukueni geji 28, na zile kenchi kama ni mkulo mzima msizitoe. Zipigwe dawa ya mchwa, zibadilishwe papi tu. Umeangalia juu ya boriti?

#19 Mwana Usambara

Bado, ngazi tunaazima Jumamosi. Mzee Mtendaji, tumepima jana jioni: choo chote na nusu ya jukwaa viko upande wa juu.

#20 Kijiweni

Nilijua tu choo kitaleta shida.